Siku tatu kabla ya msafara

Mama yangu alikaa zaidi ya saa nane kwenye kiti cha mapokezi ya hoteli mjini Istanbul, masanduku manne yakiwa miguuni pake, akitusubiri mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa. Hajui Kituruki wala Kiingereza. Dawa zake za sukari zilikuwa ndani ya sanduku ambalo namba ya kufuli lake niliijua mimi peke yangu. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Novemba, na saa kumi na mbili jioni ile tulitakiwa sote tuwe tumekwisha kufika katika hoteli nyingine, upande wa pili wa mji, kuonana na kiongozi wa msafara tulioulipia miezi mitano nyuma.

Saa hiyo sisi watatu tulikuwa ng'ambo ya Bahari ya Marmara, bandari ya Mudanya iliyo karibu na mji wa Bursa, tumesimama mbele ya dirisha la tiketi tukiangalia tangazo kwamba boti za jioni hazitoki kwa sababu ya upepo.

Kutangulia kabla ya msafara ni jambo jema, na sina nia ya kumkatisha tamaa mtu yeyote. Ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na Nairobi huwafikisha watu Istanbul kwa mwendo wa takriban saa saba. Mara nyingi tiketi ya siku mbili au tatu kabla huwa na nafuu kuliko ya siku yenyewe, na mzee aliyetoka safari ndefu hupata nafasi ya kulala kabla ya kuanza kupandishwa na kuteremshwa kwenye basi. Isitoshe, katika msafara saa si zako. Kiongozi akiinua kibendera chake umekwisha kuondoka, hata kama ndiyo kwanza umeanza kuona. Siku za mwanzo ni zenu peke yenu. Kilichotuponza sisi ni kuzijaza siku hizo bila kuuliza maswali mawili: msafara wenyewe utatupeleka wapi, na ni siku gani tunaweza kuchelewa bila kumdhuru mtu.

Ratiba husomwa kabla ya ramani

Ratiba yetu ilikuwa na kurasa nne. Mimi niliisoma kama wengi tunavyosoma karatasi za wakala wa safari: nilitazama bei, majina ya hoteli na picha. Siku ya pili ilikuwa Istanbul: Ayasofya, Msikiti wa Sultan Ahmed, kasri la Topkapı na soko kubwa la kale. Siku ya tatu tungeondoka kwenda Konya na Kapadokia, na hapo kulikuwa na neno moja dogo ambalo sikulitilia maanani: "kupitia Bursa".

Maneno kama hayo yana maana yake katika biashara ya misafara. "Kuzuru" maana yake mtateremka na mtaingia. "Kupitia" huweza kuwa mapumziko ya saa mbili pamoja na Swala na chakula, au huweza kuwa mji unaouona dirishani ukiwa umeketi. "Muda huru" maana yake mtajitegemea, chakula na nauli juu yenu. Haya mwulize wakala kwa maandishi kabla ya kulipa, na papo hapo mwulize mengine ambayo aliyetangulia humhusu kuliko mwenziwe. Je, gari la kupokelewa uwanja wa ndege linamhusu aliyefika siku tatu mapema? Kwa kawaida halimhusu, na uwanja mpya wa Istanbul uko mbali na mji, kwenye upande wa Bahari Nyeusi. Kuna mabasi ya uwanja na treni ya chini ya ardhi, lakini mzee mwenye magoti mabovu na masanduku manne ni afadhali ahesabiwe teksi katika bajeti tangu nyumbani. Bima ya safari inaanza siku ya kutua au siku ya msafara? Viza nayo iangaliwe vivyo hivyo, siku za kutangulia zisije zikaangukia nje yake.

Swali lililokuwa muhimu kuliko yote kwetu sisi halikuniingia akilini: hoteli ya kwanza ya msafara ni ipi? Laiti ningeuliza, ningekodi vyumba humo humo kwa zile siku tatu. Mama angebaki chumbani kwake, na msafara ungemkuta pale pale. Mimi nilichagua hoteli ya bei nafuu zaidi mtaa mwingine, nikaokoa fedha kidogo, na kwa kufanya hivyo nikajipangia kazi ya kuhama siku ileile ya kukutana.

Edirne, mji ambao msafara haukufika

Katika siku zetu tatu, safari niliyoichagua vizuri ilikuwa ya Jumanne, na niliichagua kwa bahati. Misafara mingi ya Uturuki ikitoka Istanbul huelekea mashariki na kusini. Edirne uko magharibi, karibu na mpaka wa Ugiriki na Bulgaria, kiasi cha kilomita 240. Ukitaka kuuona, ni siku yako mwenyewe.

Tulipanda basi la asubuhi kutoka stendi kuu, mwendo wa karibu saa tatu kwenye barabara nzuri. Mabasi ya masafa nchini Uturuki huuza tiketi kwa namba ya pasipoti, kwa hiyo pasipoti isiachwe hotelini. Njiani kijana wa basi hupita na chai na maji, jambo lililomfurahisha sana binti yetu. Stendi ya Edirne iko nje ya mji na mabasi madogo huwafikisha watu katikati.

Mji huu ulikuwa makao makuu ya Dola ya Uthmaniya kabla ya Istanbul kufunguliwa mwaka 1453. Mtu huuona Msikiti wa Selimiye tangu mbali, minara yake minne myembamba ikipanda mita zipatazo 70. Ulijengwa kwa amri ya Sultan Selim wa Pili na ukakamilika mwaka 1575. Fundi wake ni Sinan, ambaye wakati huo anakadiriwa kuwa alikwisha kuvuka miaka 80, na inaelezwa kuwa mwenyewe aliuona kuwa ndiyo kilele cha kazi zake. Kuba lake lina upana wa mita zipatazo 31, nalo limebebwa na nguzo nane zilizosogezwa kandoni hata mtu akisimama katikati haoni kinachomzuia. Tulipofika, mafundi wa ukarabati walikuwa na majukwaa yao ndani na sehemu kubwa ilikuwa imezibwa. Binti yetu akanung'unika. Bibi yake akamwambia kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu ikikarabatiwa ni dalili kuwa ina watu, kisha akatafuta pembe iliyo wazi akaswali rakaa zake mbili.

Umbali wa dakika chache kwa miguu upo Msikiti wa Kale, Eski Cami, uliokamilika mwaka 1414. Kuta zake zina maandishi meusi makubwa ya jina la Allah na la Mtume (S.A.W.), makubwa kupita kimo cha mtu. Sisi tuliozoea maandishi madogo ya dhahabu juu ya mihrabu tulikaa chini tukayatazama tu.

Hata hivyo, mahali ambapo familia yetu imeendelea kupazungumzia hadi leo si msikiti. Ni hospitali. Ng'ambo ya mto Tunca ipo majengo ya wakfu ya Sultan Bayezid wa Pili, yaliyokamilika mwaka 1488: msikiti, chuo cha utabibu, jiko la kulishia maskini na hospitali. Sasa ni makumbusho ya afya. Ndani yake wagonjwa wa akili walitunzwa kwa sauti ya maji yanayochuruzika katikati ya ukumbi, kwa harufu njema na kwa muziki. Msafiri mashuhuri Evliya Çelebi, aliyeishi karne ya 17, ameyaandika hayo. Nyakati hizo katika nchi nyingi mwenye maradhi ya akili alifungwa minyororo. Mama, ambaye ana mdogo wake aliyeugua maradhi hayo na kufichwa nyumbani kwa miaka, alikaa kimya kwenye ule ukumbi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hakuna msafara ambao ungempa muda ule.

Tulikula maini ya Edirne, yaliyokatwa membamba kama karatasi na kukaangwa, pamoja na pilipili kavu. Saa kumi jioni tulikuwa ndani ya basi, na Isha tuliiswali chumbani.

Saa, jua na Swala

Hapa pana jambo jepesi na jambo zito. Jepesi ni kwamba tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi saa, na saa yao ni sawa na yetu ya Afrika Mashariki mwaka mzima. Huna haja ya kugusa saa ya mkononi. Kumbuka tu kwamba tiketi iliyoandikwa 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi kwa hesabu yetu. Nimewahi kusikia watu wazima wakibishana juu ya hilo stendi.

Zito ni jua. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta tumezoea Magharibi inayocheza ndani ya nusu saa mwaka mzima. Istanbul si hivyo. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kati ya Adhuhuri na Magharibi hakuna zaidi ya saa tano. Mwezi wa Juni Magharibi huingia karibu na saa tatu usiku, Isha hupita saa nne, na Alfajiri inakusubiri karibu na saa tisa na nusu usiku. Safari ya kutwa ya majira ya joto humnyima mtoto usingizi; ya majira ya baridi hukukimbiza na Alasiri. Andika nyakati za Swala za tarehe zako kando ya nyakati za mabasi kabla hujakata tiketi yoyote. Misikiti haikosekani, hata stendi za mabasi zina vyumba vya kuswalia, lakini basi lililo barabarani halisimami kwa matakwa ya abiria mmoja.

Kisha kuna hukumu ya msafiri. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hutimiza Swala zake. Angalia basi siku tulizojiongezea zilivyobadilisha mambo: tulitua Jumatatu na msafara uliondoka Istanbul Jumamosi. Katikati ziko Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, nazo ni nne. Aliyekuja na msafara peke yake alikuwa na siku moja tu hapo katikati. Ukiingiza safari ya kutwa ya kilomita 240 ndani ya siku hizo, hesabu inahitaji mwenye elimu. Chukua ratiba yako pamoja na siku zako za kutangulia, mpelekee sheikh wako, mwulize kabla ya kuondoka. Waturuki wengi ni Mahanafi. Kwao muda wa kukaa ni siku 15, na kukusanya Swala mbili hawakufanyi ila katika ibada ya Hija, kwa hiyo usitarajie imamu wa mji akusanye. Na ukiswali nyuma ya imamu mkazi, unatimiza pamoja naye.

Ijumaa nayo ipangiwe. Kama msafara unaanza siku hiyo, mwulize kiongozi mtakuwa wapi wakati wa Swala. Misikiti mikubwa hufungwa kwa watalii saa hizo, na kiongozi mjanja hulitumia pengo hilo kuwapeleka watu dukani.

Jumatano ya Mama

Siku ya pili ilikuwa ya Mama. Alikuwa na ombi moja tangu Tanga: kufika Eyüp, alikozikwa Swahaba Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), yule ambaye Mtume (S.A.W.) alifikia nyumbani kwake alipohamia Madina. Abu Ayyub alifariki akiwa mtu mzima sana katika jeshi lililouzingira mji huu katika karne ya kwanza ya Hijra. Msafara wetu haukuwa na Eyüp hata kwa "kupitia".

Tulikwenda kwa tramu inayoambaa na maji ya Pembe ya Dhahabu, tukaswali Adhuhuri, Mama akatoa salamu, akamwombea dua na kukaa uani chini ya mti. Alimsimulia mjukuu wake kisa cha ngamia aliyeachwa atembee mpaka apige magoti mwenyewe, kama alivyofundishwa chuoni akiwa mdogo. Nilikuwa nimepanga kuongeza Süleymaniye na kivuko cha kwenda Üsküdar alasiri ile. Süleymaniye tulifika. Kilima chake kilimmaliza, na nilipaswa kukiona hicho kuwa ni onyo. Usiku alijipaka dawa magotini na kusema kesho hatatoka.

Alhamisi

Busara ingesema: basi kesho hatutoki sote. Tuhamishe mizigo asubuhi, tulale, jioni tukutane na msafara. Lakini nilikwisha kukata tiketi za boti ya Bursa, na Mama mwenyewe akasema, "Nendeni wanangu, mimi nitapumzika." Wazee wetu husema hivyo daima, na sisi hupenda kuwaamini inapotufaa.

Bursa ulitekwa na Orhan mwaka 1326 ukawa mji mkuu wa kwanza mkubwa wa Dola ya Uthmaniya, na yeye pamoja na baba yake Osman wamezikwa huko. Msikiti Mkuu, Ulu Cami, ulijengwa na Sultan Bayezid wa Kwanza mwishoni mwa karne ya 14. Una makuba 20. Husimuliwa kwamba sultani aliweka nadhiri ya kujenga misikiti 20 akishinda vita, kisha akashauriwa ajenge mmoja wenye makuba 20. Katikati ya msikiti, ndani kabisa, pana birika la maji yanayobubujika, na sauti yake husikika mpaka safu za mwisho. Tuliswali Adhuhuri humo. Tukaingia Koza Han, soko la hariri la mwaka 1491, na huko mke wangu na mimi tukapoteza saa nzima juu ya mitandio miwili.

Upepo ulianza mchana. Waturuki huuita lodos, unatoka kusini, na ukivuma sana boti za Marmara husimamishwa. Kila mwenyeji anaujua. Boti za majira ya baridi ni chache. Tuliporudi bandarini, iliyobaki ilikuwa imefutwa. Tukarudi stendi ya Bursa kutafuta basi, tukakuta nusu ya abiria wa boti wametutangulia. Tulipata viti basi la tatu.

Mama hakuwa na laini ya simu ya nchi ile. Nilipiga simu hotelini, nikaeleza kwa Kiingereza changu kwa kijana mwenye Kiingereza cha kwake, nikamtajia namba ya kufuli mara nne. Vyumba vyetu vilikuwa vimekwisha muda tangu saa sita mchana, na wageni wengine walikwisha kuingia.

Tulifika saa mbili na nusu usiku. Mama alikuwa amekaa wima, ushungi wake umetengenezwa vizuri. Kijana yule alifungua sanduku, na mama mmoja mtu mzima anayefanya usafi hotelini alimletea mkate na chai, akamtandikia mswala nyuma ya meza ya mapokezi kwa Alasiri, Magharibi na Isha. Waliongea, Mama alisema, kwa maneno ya Swala tu, maana ndiyo waliyokuwa nayo wote wawili. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, kukaa sikuogopa. Niliogopa kwamba nitaambiwa kitu, na nisijue nimeambiwa nini."

Hoteli ya pili tulifika saa nne. Kiongozi alikuwa amekwisha kuzungumza na watu na kwenda kulala. Saa ya kuondoka ilikuwa imesogezwa nyuma kwa nusu saa, nasi tulilijua hilo kwa karatasi iliyopachikwa mlangoni mwa chumba.

Nikipanga tena, safari ya mbali itakuwa siku ya kwanza baada ya kulala, ya karibu itafuata, na siku ya kukutana haitakuwa na kitu ila kuhama, kuoga na kunywa chai. Boti nitaipanda siku ambayo usiku wake sidaiwi na mtu. Kila mmoja, pamoja na mtoto, atakuwa na karatasi yenye jina la hoteli zote mbili kwa Kituruki na namba ya kiongozi, na dawa zitakaa kwenye mkoba wa anayezitumia.

Jumamosi, basi la msafara lilisimama Bursa. Ile "kupitia" ilikuwa ni saa mbili kamili: Ulu Cami, chakula, na Koza Han kwa atakaye. Mama aliingia kwa taratibu akiegemea bega la mjukuu wake, akakaa karibu na birika na kusikiliza maji.

"Huku ndiko mlikokuwa?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiko.

"Pazuri," akasema, kisha akamwomba binti yetu amwoneshe upande wa wanawake uko wapi.